Kuotesha Maua ya Kudumu kwa Mbegu Katika Chupa, Madumu na Makopo Yaliyotumika

Ua la kudumu ni lile ambalo ukishalipanda hukaa bustanini miaka mitatu, mitano, pengine kumi na zaidi. Majani yanaweza kukauka yote kwa baridi au ukame, lakini mizizi hubaki hai ardhini na msimu ukirudi mmea unachipua upya. Ekinasia, rudibekia, gailadia, lavenda, akuilegia na agapantasi yamo katika kundi hili. Yote huota kwa mbegu, na pakiti moja ya mbegu inaweza kujaza kitanda kizima, wakati mche uliokwisha kukua unaununua mmoja mmoja.

Wengi hushindwa kwa sababu huyatendea kama maua ya msimu mmoja. Zinia ukiisia Jumatatu, wiki ijayo imeshatoka, na baada ya wiki chache iko kitandani. Ua la kudumu halina haraka hiyo. Mbegu yake inaweza kukaa kimya wiki tatu au nne, na ikishatoka hujenga mizizi kwanza huku juu ukiona majani mawili matatu tu. Kwa hiyo mche utaishi ndani ya chombo chako miezi miwili hadi mitatu, wakati mwingine zaidi. Chombo kinachofaa mgeni wa wiki tatu hakimfai mpangaji wa miezi mitatu, na karibu kila ninachoeleza hapa chini kinatokana na jambo hilo.

Kwanza, chagua mbegu zinazolingana na subira yako

Kama hujawahi kuotesha ua la kudumu, anza na gailadia, rudibekia, koreopsisi, akilea au deizi kubwa nyeupe. Hizi hutoka katika siku 7 hadi 21, hazidai matayarisho yoyote, na zikisiwa mapema katika msimu baadhi yake hutoa maua mwaka huohuo. Ekinasia nayo ni rahisi, ila inasuasua kidogo.

Daraja la pili ni lavenda, akuilegia, delfinia na lupini. Hizi zina masharti yake, nayo tutayafikia. Daraja la tatu ni la watu wenye moyo: agapantasi inayotokana na mbegu huchukua takriban miaka mitatu au zaidi kabla ya ua la kwanza, na ua la ndege wa peponi, Strelitzia, linaweza kuchukua miezi kuota na miaka kadhaa kuchanua. Sisemi usijaribu. Nasema usiweke matumaini yako yote ya bustani kwenye kopo moja la aina hiyo.

Tazama hali ya hewa ya mahali ulipo kabla ya kutazama picha kwenye pakiti. Delfinia na lupini hupenda ubaridi na hunyong'onyea penye joto la mfululizo. Gazania, jerbera, pelagonia na vinka ni za kudumu mahali pasipo na jalidi, lakini baridi ya kugandisha maji huziua, na ndiyo maana katika nchi za baridi huuzwa kama maua ya msimu mmoja. Ua lilelile linaweza kuwa la kudumu kwako na la msimu kwa mwenzako.

Mambo mawili kuhusu mbegu zenyewe. Mbegu ulizokusanya kutoka kwenye ua la chotara, hasa lililoandikwa F1, hazitazaa watoto wanaofanana na mama. Utapata mchanganyiko wa rangi na vimo, na kusema kweli mchanganyiko huo mara nyingine hupendeza kuliko ulichotarajia, lakini kama unataka rangi fulani pekee, mbegu si njia yake. Hiyo huzalishwa kwa kugawanya mashina au kwa vipandikizi. Pili, mbegu huzeeka. Za delfinia na jerbera hupoteza nguvu upesi, kwa hiyo zinunue mbichi za mwaka huo. Zile usizoziamini, zijaribu: weka mbegu 10 kwenye karatasi laini yenye unyevu, zikunje, ziweke ndani ya mfuko wa plastiki mahali pa uvuguvugu. Zikichipua 7, sia kwa kawaida. Zikichipua 3, sia maradufu. Zisipochipua kabisa, hakikisha kwanza si aina inayodai baridi au mwanga kabla ya kuzitupa.

Na kama nyumbani kuna watoto wadogo au mifugo, fahamu kwamba vinka, delfinia na lupini zina sumu zikiliwa. Mbegu zake zisiachwe mezani.

Chombo

Hapa ndipo ninapobishana na picha nyingi za kupendeza. Trei ya mayai ya karatasi ni chombo kibaya kwa maua ya kudumu. Kila tundu lina udongo wa vijiko vichache, karatasi yenyewe hunyonya maji na kuyapeperusha hewani, na ifikapo wiki ya tatu mizizi imeshagonga chini huku trei ikianza kuota ukungu na kumeguka. Kwa letusi, sawa. Kwa lavenda, hapana. Maganda ya mayai yana kasoro hiyohiyo, tena ni madogo zaidi.

Tafuta chombo chenye uwezo wa kushika udongo wa kina cha sentimeta 8 hadi 10. Bora kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni dumu la maziwa la plastiki inayopitisha mwanga au chupa ya maji ya lita 1.5 na kuendelea, kwa sababu sehemu ya chini inakuwa kitalu na sehemu ya juu inakuwa paa. Visanduku vya plastiki angavu vyenye kifuniko, vile vya kubebea vyakula, vinafaa kwa mbegu ndogondogo, mradi visiwe vifupi mno. Makopo ya mtindi na vikombe vya plastiki ni vizuri kwa hatua ya pili, mche unapohamishiwa chumba chake peke yake. Pakiti za maziwa za karatasi ngumu yenye utando ni ndefu, huvumilia maji miezi kadhaa, na kwa mimea yenye mzizi mmoja mrefu kama lupini hakuna kinachozishinda. Makopo ya bati yanafaa pia, ila hupata joto kali juani na huanza kutu, basi yaweke penye kivuli cha mchana.

Usitumie kamwe chombo kilichowahi kubeba dawa ya wadudu, ya magugu, rangi, mafuta ya injini au kemikali nyingine ya aina hiyo, hata ukikiosha mara kumi.

Dumu au chupa huandaliwa hivi. Pima sentimeta 10 hadi 12 kutoka chini, kisha kata kuzunguka kwa mkasi au kisu kikali, lakini usimalize: acha sentimeta 3 au 4 bila kukatwa ili paa libaki limeshikana na sakafu na liweze kufunguka na kufungwa. Kizibo kitupe au kiweke kando, maana mdomo ulio wazi ndio dirisha la kupitisha hewa. Kisha toboa chini matundu 5 au 6 yenye upana wa milimita 5 hivi. Msumari ulioshikwa kwa koleo na kupashwa moto hupenya plastiki bila taabu. Fanya kazi hiyo nje, kwani moshi wa plastiki si wa kuvuta. Toboa na pembeni, karibu kabisa na kitako, matundu mawili au matatu. Hayo yanasaidia pale chombo kinapokaa kwenye sakafu bapa na matundu ya chini yakazibika. Kopo la bati litoboe kwa msumari na nyundo kutoka ndani kwenda nje ili ncha zitokeze nje, kisha zilaze kwa nyundo au zisugue kwa tupa.

Tundu dogo moja halitoshi. Nikiulizwa kinachoua miche mingi zaidi kati ya njaa, kiu na maji yaliyotuama, nitajibu maji yaliyotuama.

Watu wengi huweka kokoto chini ya chombo wakiamini zinasaidia maji kutoka. Hazisaidii. Maji hushuka kwenye udongo laini hadi yanapokutana na kokoto, na badala ya kuendelea husimama juu yake mpaka udongo ulowe kabisa, kwa hiyo umepunguza kina cha udongo na kuusogeza unyevu karibu na mizizi. Weka kipande cha gazeti au kitambaa chakavu juu ya matundu kuzuia udongo kuchuruzika, basi.

Mwisho, osha. Sugua kwa sabuni na maji ya moto, halafu tumbukiza vyombo dakika 10 katika maji yenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 9 za maji, kisha suuza na uache vikauke. Usiichanganye dawa hiyo na siki wala na dawa nyingine yoyote ya usafi, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu. Kazi hii inachosha na inashawishi mtu kuiruka, lakini vimelea vya kuozesha miche hukaa kwenye mabaki ya udongo wa zamani yasiyoonekana kwa macho.

Udongo

Udongo wa bustani ukiuweka kwenye kopo hushikamana kama tofali, na unakuja na mbegu za magugu ambayo yataota kabla ya maua yako na kukuchanganya usijue kipi ni kipi. Changanya sehemu 2 za vumbi la nazi au mboji iliyooza vizuri na kuchekechwa, na sehemu 1 ya mchanga wa chembe kubwa au perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi za madini za kulegeza udongo. Kwa lavenda na gazania, zinazochukia miguu yenye maji, fanya nusu kwa nusu. Mchanga uwe wa mtoni. Wa baharini una chumvi. Vumbi la nazi nalo, kama halijaoshwa tangu kiwandani, lisuuze kwa maji safi mara mbili tatu kwa sababu hiyohiyo. Samadi isiwepo kabisa katika hatua hii. Mbegu ina akiba yake ya chakula, na samadi mbichi huunguza mizizi michanga.

Lowanisha mchanganyiko kabla ya kuujaza. Kamata gao moja na ulikamue kwa nguvu: likishikana na kutoa tone moja au mawili, uko tayari. Maji yakichuruzika, ongeza udongo mkavu. Ukimeguka kama unga, ongeza maji. Jaza mpaka ibaki sentimeta 2 kutoka ukingoni, gonga chombo mezani mara moja ili udongo utulie, wala usiushindilie.

Kuiamsha mbegu

Maua mengi ya kudumu yana kufuli ndani ya mbegu. Porini kufuli hiyo huizuia mbegu isiote mwishoni mwa msimu mzuri na kuuawa na msimu mbaya unaofuata. Kazi yako ni kujua kufuli ni ya aina gani.

Kuna kufuli ya baridi. Akuilegia, asklepia, mara nyingi lavenda, na aina kadhaa za ekinasia hutaka kuamini kwamba majira ya baridi yamekuja na kupita. Ziweke mbegu kwenye karatasi laini au mchanga wenye unyevu, zifunge ndani ya mfuko mdogo wa plastiki, andika jina na tarehe, halafu weka kwenye jokofu, katika sehemu ya kawaida yenye nyuzi 1 hadi 5 za selsiasi. Lavenda na akuilegia zipe wiki 3 au 4, asklepia wiki 4 hadi 6. Ekinasia ya zambarau, Echinacea purpurea, mara nyingi huota hata bila hayo, ila baridi huifanya itoke kwa pamoja badala ya moja leo na nyingine mwezi ujao. Unyevu ni sharti: mbegu kavu ndani ya pakiti yake inaweza kukaa jokofuni mwaka mzima na isihesabu siku hata moja ya baridi. Sehemu ya kugandishia barafu haihusiki. Kagua mfuko kila wiki, na ukiona kijizizi cheupe kimechungulia, isie mbegu hiyo siku hiyohiyo.

Mahali penye majira ya baridi ya kweli jokofu halihitajiki. Sia moja kwa moja ndani ya madumu katikati ya majira ya baridi, funga paa kwa selotepu, acha mdomo wazi, uyaweke nje. Theluji na mvua zitaingia kupitia mdomoni, udongo utaganda na kuyeyuka, na mbegu zitatoka zenyewe wakati wake ukifika. Miche ya namna hii huwa migumu tangu siku ya kwanza. Kama ningeishi penye baridi, nisingetumia njia nyingine.

Kuna kufuli ya ganda gumu, kama kwa lupini na haibiskasi nyingi. Maji hayaingii mpaka ganda lichubuliwe. Sugua upande mmoja wa mbegu kwa msasa mpaka rangi ya ndani ianze kuonekana, kisha iloweke katika maji ya uvuguvugu usiku mmoja. Ikivimba, imekubali. Ambayo haijavimba irudishe kwenye msasa. Usiziache majini zaidi ya saa 24, zitakosa hewa na kuoza.

Halafu kuna suala la mwanga. Akilea, akuilegia, deizi kubwa, gailadia na jerbera huota vizuri zikiuona mwanga, kwa hiyo hutandazwa juu ya udongo na kubonyezwa tu kwa kiganja ili zigusane na unyevu. Delfinia, vinka na gazania hupenda giza: zifunike kwa udongo na uweke gazeti au kadibodi juu ya chombo mpaka ya kwanza itokeze kichwa. Nyingine zote, kanuni ya jumla ni kuzifukia kwa kina cha mara mbili hadi tatu ya unene wa mbegu. Mbegu ya ekinasia, hiyo ni nusu sentimeta hivi. Ukiwa na shaka, fukia kidogo kuliko sana.

Kusia

Mbegu kubwa zipange kwa mkono, sentimeta 2 au 3 kati ya moja na nyingine. Mbegu za akilea ni ndogo mno kiasi cha kupeperushwa na pumzi. Zichanganye na kijiko cha mchanga mkavu na uunyunyize mchanga huo. Aina moja kwa kila chombo. Kishawishi cha kuchanganya ili kuokoa nafasi ni kikubwa, lakini moja itatoka siku ya nane na nyingine siku ya thelathini, na hutajua umtunze nani.

Umwagiliaji wa kwanza ufanyike kutoka chini. Simamisha chombo kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimeta 3, uache kwa dakika 20 hadi 30 mpaka uso wa udongo ubadilike rangi kuwa mweusi, kisha kitoe kijichuje. Maji ya kumwaga juu yatazisomba mbegu zote kwenye kona moja.

Kuhusu vibandiko: wino wa kalamu nyingi za kuandikia plastiki hupauka juani kabla hata mche haujapata majani manne. Penseli haipauki. Kata vipande vya kopo la mtindi jeupe, visugue kidogo kwa msasa, andika jina na tarehe kwa penseli, chomeka kimoja ndani ya udongo. Ikiwezekana andika jina pia chini ya kitako cha chombo, kwa sababu vibandiko vina tabia ya kuhama.

Kungoja

Funga paa kwa selotepu na uweke vyombo penye mwanga mwingi usio wa jua la moja kwa moja. Dumu lililofungwa likikaa juani mchana hupika kilichomo ndani kwa saa chache. Joto la nyuzi 18 hadi 22 hutosha kwa nyingi. Delfinia hupendelea upande wa chini wa kiwango hicho na vinka joto lililo juu kidogo ya hicho.

Kuta za chombo zitakuambia hali ya maji. Zikiwa na ukungu mwepesi wa matone, kila kitu kiko sawa. Zikiwa kavu, rudisha chombo kwenye beseni. Maji yakichuruzika kutani siku nzima, fungua paa saa kadhaa.

Sasa kazi ngumu kuliko zote, kutofanya lolote. Gailadia na rudibekia zitatoka ndani ya wiki mbili. Ekinasia siku 10 hadi 20. Lavenda wiki 2 hadi 4. Akuilegia mwezi mmoja na ushei, hata baada ya jokofu. Na hazitoki pamoja: utaona mbili leo, kimya cha siku tano, kisha saba. Usifukue kuangalia. Chombo ambacho hakijatoa kitu baada ya wiki sita kiweke nje mahali pa kivuli, kipate maji ya mvua, ukisahau. Akuilegia hasa ina mazoea ya kutoka baada ya mtu kukata tamaa.

Miche ikishatoka

Siku nusu ya mbegu zimeota, anza kufungua paa, kidogo leo, zaidi kesho, mpaka baada ya siku nne au tano libaki wazi. Unyevu uliokuwa rafiki wa mbegu sasa ni adui wa mche. Ukiona miche imelala chini asubuhi, shina limekonda na kuwa kama uzi penye usawa wa udongo, hicho ni kinyausi, na husababishwa na vimelea vya ukungu vinavyopenda udongo uliolowa na hewa iliyosimama. Miche iliyoanguka haiponi. Ing'oe pamoja na udongo unaoizunguka, acha uso wa udongo ukauke, ongeza hewa, na kuanzia hapo mwagilia kutoka chini tu.

Mwanga nao usicheleweshwe. Mche mrefu, mwembamba, wa kijani kilichopauka, unaoinama upande wa dirisha, unalilia mwanga. Usogeze kwenye mwanga zaidi na uzungushe chombo kila siku. Wanaotumia taa za umeme waziweke sentimeta 5 hadi 10 juu ya majani kwa saa 14 hadi 16 kwa siku, kisha wazizime. Mimea nayo inahitaji usiku.

Palipo na msongamano, punguza kwa kukata mche kwa mkasi penye usawa wa udongo. Kung'oa huvuta mizizi ya jirani. Najua inauma kukata mche ulioungoja mwezi mzima, ila miche sita iliyobanana kwenye kikombe haitatoa hata mmoja mzuri.

Majani mawili ya kwanza ni ya mbegu, mara nyingi ya mviringo na yanayofanana kwa kila mmea. Yanayofuata ndiyo majani halisi, yenye sura ya ua lenyewe. Yakifika jozi mbili za majani halisi, unaweza kuanza kulisha kwa mbolea ya maji iliyopunguzwa hadi robo ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa wiki. Lavenda usiilishe hivyo. Mara moja kwa mwezi yatosha.

Kuhamishia makopo

Kipindi hichohicho cha jozi mbili za majani halisi, kila mche upate kopo lake. Chokoa chini ya mizizi kwa mpini wa kijiko, inua bonge la udongo, na ushike mche kwa jani, kamwe usiushike kwa shina. Jani likichanika litaota jingine. Shina likifinywa ndiyo mwisho. Panda kwa kina kilekile ulichokuwa nacho. Gailadia, jerbera na akuilegia hukua kama shada lililokaa juu ya ardhi, na kitovu cha shada hilo kikifukiwa huoza. Kama ulisia kwenye vumbi la nazi, hapa sasa mboji inaweza kuongezwa, sehemu moja kati ya tatu.

Lupini hazipendi kuhamishwa. Zisie tangu mwanzo mbili mbili katika pakiti ndefu za maziwa, baki na moja yenye nguvu, na siku ya kupanda kata pakiti pembeni na uitoe bila kugusa mizizi. Kama umetumia vikombe vya gazeti, vizike pamoja na mche, lakini ng'oa kwanza karatasi yote iliyo juu ya udongo. Ukingo wa karatasi uliobaki nje hufyonza maji kutoka chini na kuyatupa hewani, na bonge la udongo hukauka hata palipomwagiliwa.

Mche uko tayari kwenda kitandani pale mizizi inapoanza kuonekana kwenye matundu ya chini.

Kukomaza na kupanda

Mche uliolelewa penye kivuli ukitupwa juani huungua majani siku ya kwanza. Uzoeshe kwa siku 7 hadi 14: saa moja au mbili za jua la asubuhi mwanzoni, ukiongeza kila siku, ukiuacha upate na upepo. Punguza maji kidogo katika siku hizo, bila kuuacha unyauke. Miche iliyootea nje ndani ya madumu haihitaji haya, kufungua paa siku chache kunatosha.

Panda jioni au siku ya mawingu, na uache nafasi kwa kadiri ya mmea utakavyokuwa utu uzimani: sentimeta 30 hadi 45 kwa gailadia na rudibekia, 45 au zaidi kwa ekinasia. Kitanda kitaonekana kitupu. Kiache hivyo, au jaza mapengo kwa maua ya msimu mmoja yatakayoondoka yenyewe. Mwagilia kwa kina mara chache kuliko kidogo kila siku, ili mizizi ishuke kuyafuata maji.

Mwaka wa kwanza tarajia majani. Mche mdogo ukitoa kikonyo cha ua mapema, ukate, nguvu irudi mizizini. Ni maua machache unayoyatoa kwa ajili ya kichaka kikubwa mwaka ujao. Rudibekia na gailadia zilizonona unaweza kuziacha zichanue.

Vyombo vilivyobaki vizima vioshe na uvihifadhi kivulini. Plastiki iliyopigwa na jua msimu mzima huwa inakatika kama ganda, na ikifika hapo usiirudishe kazini, maana vipande vyake vitaishia kwenye udongo. Ipeleke kunakokusanywa taka za plastiki kabla haijamomonyoka.